Jibu kwa mdogo wangu anayetaka kuja Uingereza kusomea tiba ya maafa

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu tangu nitoke zamu. Umeuliza kama huku kuna kazi ya daktari wa maafa, kama mshahara unatosha kujenga, na kama uje moja kwa moja ukimaliza intanishipu hapo Mwanza. Nakujibu kama nilivyotamani mtu anijibu mimi.

Huku huajiriwi kama daktari wa maafa tu. Kwanza unakuwa daktari wa dharura: ubingwa wake ni miaka 6 baada ya miaka 2 ya mwanzo, na maafa unayaongeza juu kwa kozi na stashahada. Siku zangu nyingi hazina jengo lililoporomoka. Zina bibi aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga, amelala koridoni kwenye kitanda cha magurudumu tangu asubuhi kwa sababu wodini hakuna nafasi. Mwaka jana mzee mmoja alikata roho palepale koridoni, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, watu wakipita na vikombe vya chai. Nililia kwenye basi. Hayo hayaonekani kwenye picha ninazotuma nyumbani.

Maafa yenyewe kwangu ni vikao. Nani apigiwe simu kwanza, damu itatoka wapi, wagonjwa wa kawaida wahamishiwe wodi gani majeruhi 40 wakifika kwa mpigo. Tunafanya mazoezi na watu wa kujitolea waliopakwa majeraha ya bandia. Tunajifunza kuchambua majeruhi kwa rangi: anayetembea ni kijani, asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni nyeusi, unampita. Kumpita mtu ndilo somo gumu kuliko yote niliyowahi kusoma.

Lakini radi inageuza kanuni. Radi ikipiga kundi la watu, anayelia na kugaagaa mara nyingi atapona. Unamkimbilia yule aliyenyamaza, kwa sababu moyo wake unaweza kuanza tena wenyewe huku pumzi ikichelewa, na ukimpulizia hewa kwa wakati huenda ukamrudisha. Nilipofundishwa hilo niliwaza wavuvi wetu na watoto wa shule za kanda ya ziwa. Huku radi ni habari ya nadra. Kwetu ni msimu.

Mei 1996 nilikuwa na miaka 9. Unajua nilikwenda Nyamagana na shangazi, akimtafuta mumewe kati ya miili iliyolazwa uwanjani baada ya meli ya MV Bukoba kupinduka Ziwa Victoria. Ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba lililonifanya niwe daktari nililisikia baadaye: meli ilipinduka lakini haikuzama mara moja, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Walipoitoboa, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, na meli ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa. Hawakuwa wamefundishwa. Miaka 22 baadaye MV Nyerere, kivuko cha abiria 101, kilipinduka jirani kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228, na fundi mmoja akatolewa hai siku 2 baadaye kwa sababu alipata mahali penye hewa. Hewa ileile, mdogo wangu.

Usidhani huku wao wamemaliza. Bomu la Manchester Arena, ukumbi wa muziki, lilipolipuka Mei 2017 na kuua watu 22, zimamoto walichelewa zaidi ya saa 2, na raia pamoja na polisi ndio waliowabeba majeruhi juu ya vyuma vya uzio na mbao za matangazo. Ripoti ya uchunguzi kuhusu huduma za uokoaji ilitoka Novemba 2022, wiki ileile ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Waliowahi pale ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Nilisoma ripoti ile huku simu yangu imejaa video za Bukoba, na nikaelewa jambo ambalo sijalipata darasani: saa ya kwanza ni ya waliopo pale.

Kuhusu fedha, mshahara ni mzuri ukiuhesabu kwa shilingi. Ukiuishi kwa pauni, kodi ya nyumba inameza sehemu kubwa, na nyumba ya Buswelu imenichukua miaka mingi kuliko nilivyomwahidi mama. Njia nayo imebana. Kuna mtihani wa Kiingereza, kisha PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje, sehemu mbili, ya pili inafanyika Manchester tu, kwa hiyo viza na nauli ni juu yako. Wapo wenzetu waliofaulu zote wakakaa miezi mingi bila kazi, akiba imekwisha, na nyumbani wanaulizwa kwa nini hawatumi kitu. Usiuze kiwanja cha baba kwa ajili ya hilo.

Ningekuwa wewe ningesoma tiba ya dharura MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, wanakotoa ubingwa huo tangu 2010, halafu nije huku kozi fupi nikiwa tayari bingwa mwenye kazi ya kurudia. Mimi nilikuja kabla, na sasa nina watoto shuleni na mkopo wa nyumba. Kurudi si rahisi tena. Linaniuma.

Desemba nina wiki 3 za likizo. Nenda Igombe ukaongee na mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, umwombe asubuhi moja na wavuvi pale mwaloni, siku ambayo hawaendi ziwani. Nitakuja na wanasesere wa mazoezi wawili kwenye begi. Tutaanza na aliyezama: pumzi 5 kwanza, kisha kukandamiza kifua.