Fotomaski haitakati kwa ukali wa asidi

Nilipoanza kazi ya kuosha fotomaski huku Ujerumani, yaani vioo vyenye mchoro wa saketi ambavyo mwanga hupita kuchapa chipu za kompyuta, niliamini asidi kali ndiyo usafi wenyewe. Tulichanganya asidi ya sulfuriki na peroksidi ya hidrojeni, mchanganyiko unapata moto wenyewe, mabaki yote yanayeyuka, kioo kinatoka kinang'aa. Kikikaguliwa, hakina doa.

Kisha kioo kimoja kikarudishwa kutoka kiwandani. Kilikuwa kimepigwa mwanga wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 193, maelfu ya mara. Kwenye darubini nikaona chembechembe kama chumvi iliyokaukia sufuriani, tena chini ya ule utando wa kuzuia vumbi, mahali ambapo vumbi halifiki. Zilikuwa fuwele za salfeti ya amonia, ile ile ambayo wakulima kwetu wanaiita mbolea ya SA. Salfeti ilibaki kutoka kwenye asidi yangu, amonia ikatoka hewani, mwanga ukazikutanisha. Siku ile niliumia sana, kwa sababu kioo kimoja chenye doa huchapa kosa lile lile kwenye kila chipu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kama una njia ya kuiepuka asidi hiyo, iepuke. Anza na mwanga wa nanometa 172 kwa muda mfupi. Kabla ya mwanga, maji yanajikusanya matone matone juu ya kioo. Baada yake yanatandaa kama shuka, na hapo ndipo kuosha kunashika. Fuatisha maji yenye ozoni. Ukilazimika kutumia asidi, suuza kwa maji ya moto yaliyoondolewa chumvi, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, halafu upime salfeti iliyobaki. Macho hayaioni.

Usioshe kwa mazoea pia. Kwenye maski za kugeuza awamu, zile zinazosogeza wimbi la mwanga ili mistari ichapike kwa ukali, kila ukiosha tabaka la molibdeni na silikoni linalika kidogo, na ule msogeo wa wimbi wa nyuzi 180 unaotakiwa unaanza kupotea. Mimi huuliza kwanza: doa hili litachapika kweli? Kama halitachapika, naliacha.

Na maji safi mno hayapitishi umeme. Ukikizungusha kioo kwa kasi chini yake, chaji inajikusanya, cheche inaruka kati ya mistari ya kromi inayounda mchoro, na mstari ulioungua haurudi. Tia kaboni dayoksaidi kidogo kwenye maji hayo kabla hujaanza kuzungusha.