Jibu: Rangi za galari kupotea kila unaposasisha Piwigo

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi za galari yako hupotea kila unaposasisha Piwigo, programu ya kuonyesha picha kwenye tovuti yako, na ni programu gani mbadala inafaa. Rangi ulizobadilisha hupotea kwa sababu umehariri mafaili ya mandhari (muonekano wa galari) yenyewe, na sasisho huyaandika upya. Rudisha mandhari ya awali, kisha washa programu-jalizi (nyongeza) ya LocalFiles Editor inayokuja na Piwigo, uandike humo CSS yako, yaani maelekezo ya rangi na muonekano. Huhifadhiwa kwenye folda ya local, ambayo sasisho haliigusi. Ukubwa wa vijipicha (picha ndogo za galari) usiuongeze kwa CSS, picha zitakuwa na ukungu. Ubadilishe kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha.

Kuhusu programu mbadala wa Piwigo, Lychee ndiyo ningeijaribu kwanza: safi, nyepesi, nayo hutumia lugha ya programu ya PHP kama Piwigo. Nyingine, PhotoPrism, hutambua nyuso, ila inahitaji seva yenye kumbukumbu ya kutosha.

Lakini tafadhali, kabla ya kuhama, nakili folda ya upload pamoja na hifadhidata. Piwigo huzipa picha zilizopakiwa kupitia kivinjari majina mapya ya tarehe na herufi zisizosomeka. Majina ya asili, albamu na lebo zako vimo kwenye hifadhidata. Ukibeba picha peke yake, utabaki na rundo lisilo na mpangilio, na kulipanga upya ni kazi ya majuma.