Programu Inakufa Faili Likikatwa: Maswali ya mmap Kutoka Tanga

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: programu imefungua faili kwa mmap, ikalisoma kama kipande cha kumbukumbu, na wakati huohuo faili hilo linafupishwa.

Shikamooni. Programu ya mizani kwenye ghala letu la mkonge inasoma faili la bei kwa mmap. Kila bei zikibadilishwa inakufa na ujumbe "Bus error". Fundi anasema tubadilishe RAM. (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba. RAM msinunue kwanza. Hiyo ni SIGBUS, ishara ambayo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) huipa programu iliyogusa kumbukumbu isiyo na kitu nyuma yake; ni namba 7 kwenye Linux. Ndani ya skripti mtaiona kama namba ya kutoka 135, yaani 128 kujumlisha 7.

Tufanye hesabu. Faili la baiti 10,000 linakaa kwenye kurasa (vipande vya kumbukumbu) 3 za baiti 4,096. Anayebadilisha bei kwa cp, au kwa alama ya > kwenye teminali, analikata faili hadi 0 kisha analijaza upya. Programu ikigusa ukurasa katika mwanya huo, kerneli haina cha kuleta, nayo inaiua. Hata baada ya kujazwa, kama faili jipya lina baiti 5,000 tu, kurasa 2 za kwanza zinasomeka na wa 3 unaua. Baiti 5,000 hadi 8,191 zinasomeka kama sufuri, na hizo zinatutia hofu kuliko kufa kwenyewe, kwa sababu mizani inayosoma bei 0 haimshtui mtu.

Kupima ukubwa kwa fstat kabla ya kusoma hakusaidii. Faili linaweza kukatwa baada ya kupima na kabla ya kusoma. Dawa iko kwa anayeandika. Aandike bei.mpya kwenye saraka ileile, aite fsync (inayolazimisha data ifike diskini), alibadili jina kwa rename lichukue nafasi ya la zamani, kisha aite fsync kwenye saraka. Programu yenu itaendelea kusoma faili la zamani, zima kabisa, hadi iite munmap, inayoachia ramani ya mmap. Ili ijue bei mpya zimefika, ilinganishe namba ya inodi (kitambulisho cha faili ndani ya diski) ya jina hilo na ile iliyonayo. Zikitofautiana, ifungue upya. Kama kuna logrotate (programu ya kuzungusha faili za kumbukumbu za matukio) inayogusa faili lolote la namna hii, ondoeni chaguo la copytruncate, maana nayo hukata faili papo hapo.

Hatuwezi kuikamata SIGBUS tukaendelea? (Makorora)

Inawezekana, kwa sigsetjmp (inayoweka alama ya mahali pa kurudi) na kuangalia si_addr (anwani iliyoguswa), lakini kishikaji cha ishara ni kimoja kwa programu nzima na maktaba nyingine zinaweza kukibadilisha. Mkitumia memfd (faili linalokaa kwenye kumbukumbu tu) baina ya programu mbili, zuieni kukatwa kwa muhuri wa F_SEAL_SHRINK, uliopo tangu Linux 3.17. Windows yenyewe hukataa kukata faili lenye ramani na kurudisha kosa 1224.

Mimi ni mwanafunzi, naandika moduli ya mfumo wa faili wa Linux. Nikikata faili hadi baiti 5,000 kisha nikilirefusha hadi 8,192, data ya zamani inarudi. Pia, mara chache, data ya faili moja inatokea ndani ya jingine. Nianzie wapi? (Raskazone)

Anzia mkiani. Tuchukue bloku (vipande ambavyo diski hugawiwa) za baiti 4,096. Ukurasa wa 2 una baiti 904 za faili, na 3,192 ambazo si zake tena ingawa bado zimo kwenye akiba (nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu) na kwenye diski. POSIX, kanuni za mifumo ya aina ya Unix, inataka sehemu iliyorefushwa isomeke sufuri, kwa hiyo mkia huo ujaze sufuri unapokata. Kitendakazi block_truncate_page ni cha kazi hiyo kama unatumia bafa za bloku. Hapo hujamaliza. Mwenye ramani ya MAP_SHARED, ile ambayo anachoandika huingia kwenye faili lenyewe, anaweza kuandika kwenye baiti zile 3,192 hata baada ya kukata, kwani ukurasa mzima bado ni halali kwake. Jaza sufuri tena ukurasa unapopelekwa diskini, na tena faili linaporefushwa.

Kosa la pili ni la mpangilio, na ndilo baya zaidi, kwa kuwa linaharibu faili la mtu asiyehusika. Kwanza mkia, kisha truncate_setsize, ambayo hushusha ukubwa na kusafisha akiba, na mwisho kabisa ndipo uachilie bloku. Ukiziachilia mapema, zinaweza kupewa faili jingine huku ukurasa mchafu (uliobadilishwa lakini haujaandikwa diskini) wa zamani ukiwa bado unazielekea, nao ukiandikwa unamwagika juu ya data ya mwenzake.

Ndani ya page_mkwrite, ambayo kerneli huiita ukurasa wa ramani unapotaka kuandikwa, ukishafunga ukurasa kwa kufuli angalia upya kama bado ni wa faili hilo na kama uko ndani ya ukubwa. La sivyo rudisha VM_FAULT_NOPAGE. Kwa kutoboa shimo, yaani kuachilia bloku za katikati ya faili, ukubwa haukulindi. Tumia kufuli la filemap_invalidate_lock, lililoingia Linux 5.15: anayetoboa alishike peke yake, page_mkwrite ilishike kwa kushirikiana.

Tunarefusha faili kwa ftruncate hadi MB 500 kisha tunaandika kwa mmap. Diski ikijaa tunapata SIGBUS. Umeme ukikatika, data ya mwisho inapotea. (Pangani)

ftruncate hubadili namba ya ukubwa tu, haitengi bloku. Tumieni posix_fallocate, nafasi ikikosekana mtaambiwa mapema kwa ENOSPC, kosa la diski kujaa. Kwa umeme, iteni msync (inayopeleka ramani diskini) yenye MS_SYNC, inayosubiri hadi data ifike, kila muamala unapokamilika. MS_ASYNC haitawaokoa: kwenye Linux, tangu 2.6.19, haifanyi chochote.

Nitajuaje kwamba marekebisho yamefanya kazi? (Raskazone, tena)

Endesha fsx, programu inayojaribu mfumo wa faili kwa vitendo vya kubahatisha, iliyoandikwa na Avadis Tevanian huko kampuni ya NeXT mwaka 1991 na sasa imo ndani ya mkusanyiko wa majaribio wa xfstests. Weka -N kwa idadi ya vitendo na -S kwa mbegu (namba inayoanzisha bahati nasibu), ili kosa likitokea ulirudie vilevile. Ukiongeza -W, inaacha kuandika kwa mmap. Kosa likitoweka, tafuta kwenye page_mkwrite na mkiani. Rudia na bloku za baiti 1,024, na jaribu kukata kwenye 4,095, 4,096 na 4,097. Kwenye mashine ya ARM uliza kwanza getconf PAGESIZE, kwani ukurasa unaweza kuwa wa baiti 16,384 au 65,536, na mipaka yako yote ikahama.