Treni nne kwa siku Mbeya–Makambako: anzia pale zinapopishana

Mleta uzi kauliza kwa nini TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) wasinunue tu mabehewa, wakaweka treni nne za abiria kwa siku, kila upande, kati ya Mbeya na Makambako.

Mkuu, mabehewa ni jambo la mwisho. Reli ile ni njia moja, hivyo ratiba unaianzia pale treni mbili zinapoweza kupishana.

Piga hesabu hii ya mfano. Safari iwe saa 3 na dakika 20, kugeuza treni mwisho wa safari dakika 40. Kwenda na kurudi ni saa 8 kamili. Saa 12 asubuhi moja itoke Mbeya, nyingine Makambako. Zinapishana saa 1:40, tuseme Chimala, zinafika saa 3:20, saa 4 zinaondoka tena. Kisha saa 8 na saa 12 jioni. Seti mbili (kichwa na mabehewa yake) zinatosha, ya tatu ikae karakana kama akiba. Safari ikirefuka kuwa saa 4, mzunguko unakuwa saa 9 na dakika 20, na huduma ileile ya kila saa 4 inadai angalau seti tatu njiani. Dakika 40 tu hizo!

Zinapotelea wapi? Kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni dakika 12. Mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli) yakichoka au kokoto zikipungua, mwendo ukashushwa hadi 20, zinakuwa dakika 30. Vipande viwili vya hivyo vimekula dakika 36, umebaki na 4 za kugeuza. Na kugeuza kuna kazi: kichwa kikatwe, kizunguke upande wa pili, kifungwe, mabomba ya breki yaunganishwe, breki zipimwe. Kwa njia fupi kama hii, bora treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili.

Halafu kuna mizigo. Treni ya shaba ikiwa ndefu kuliko njia ya pembeni (ile ya kupishania), inabaki njia kuu na ya abiria ndiyo inaingia pembeni. Zikikutana mbili ndefu, hapo hazipishani kabisa. Kurefusha njia moja ya pembeni kunaweza kuokoa ratiba kuliko kichwa kipya.

Huduma hii msiiunganishe na treni inayotoka Mlimba. Kati ya Mlimba na Makambako ni mlima mkali na mahandaki. Ikichelewa huko, inaburuta zote za huku hadi usiku.

Na stesheni ya Mbeya iko Iyunga, si stendi. Daladala zisipofuata saa za treni, abiria atapanda basi lake kama kawaida.