Nguzo zinazobanduka kama kitunguu

SWALI: Mtaalamu, salaam. Hapa Mbale tunasaga jerikani kuukuu, mabeseni, viti na chupa kidogo za maji, tunayeyusha kwenye mashine ya skrubu moja na kutengeneza nguzo za uzio. Ukipiga msumari nguzo inapasuka, na ndani inabanduka kama maganda ya kitunguu. Muuzaji mmoja wa Kampala ananiambia niongeze udongo wa nano. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Maganda hayo yamekwisha kukutajia ugonjwa. Jerikani ni HDPE, yaani polietilini nzito. Mabeseni na viti mara nyingi ni PP, yaani polipropilini. Ni plastiki za ukoo mmoja, lakini zikiyeyushwa pamoja hazichanganyiki: moja hukaa kama matone ndani ya nyingine, na mpakani hakuna kinachozishikanisha. Ufa ukianza, hupita hapo hapo.

Kwanza toa chupa. PET, plastiki ya chupa hizo, huyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selsiasi, nawe nadhani unapika kwa 200 hivi, kwa hiyo vipande vyake hubaki kama mawe kwenye wali. Vitie vyote kwenye pipa la maji: PET huzama, HDPE na PP huelea. Kujua ni kipi HDPE na kipi PP, chukua vipande vichache uvitie kwenye spiriti ya asilimia 50 hivi. PP huelea, HDPE huzama. (Waragi kali ingefaa pia, ila vijana wa karakana wataimaliza kabla ya kipimo.) Fanya mbali na moto.

Ukiamua kuzichanganya, unahitaji kipatanishi, kitu kinachofanya kazi kama sabuni kati ya mafuta na maji. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Dukani utapewa PP iliyopandikizwa kemikali iitwayo anihidridi ya maleiki. Ni dawa nzuri, ya ugonjwa mwingine: hiyo hutafuta mahali pa kujishikiza, kama kwenye nailoni au unga wa mbao, na HDPE na PP hazina mahali hapo. Wewe tafuta mpira wa ethilini na propilini, au wa ethilini na okteni, asilimia 5 hadi 10. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Minnesota walionyesha polima (molekuli ndefu ya plastiki) yenye vipande vya polietilini na PP vinavyopokezana, ambayo asilimia 1 tu ilitosha kuufanya mchanganyiko huo usipasuke kirahisi. Lakini hiyo usiende kuiulizia kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala.

Udongo wa nano wenyewe ni montmoriloniti, aina ya udongo wa mfinyanzi wenye tabaka za unene wa nanomita 1 hivi (sehemu ya milioni ya milimita). Zikitawanyika vizuri huzuia matone yasiungane tena, na plastiki huwa ngumu zaidi. Ugumu si shida yako. Msumari unataka kitu kinachonyumbulika. Tena skrubu moja haina nguvu ya kuzipambua tabaka hizo. Utapata madonge, na kila donge ni ufa unaosubiri.

Pika mafungu manne ya kilo 5: bila mpira, asilimia 3, 6 na 10. Mwaga vipande vya unene mmoja, viache vipoe hadi kesho yake, upige msumari wa saizi moja kwa wote. Na hata fungu litakaloshinda, toboa kwa drili kwanza.