Marvel nzima nimeiandikia tathmini mara mbili: mpangilio, alama, na zile tamthilia

Mkuu, umeuliza mambo matatu: uanze na ipi kama unataka kuandika tathmini ya muvi na tamthilia zote za ulimwengu wa Marvel, alama utoe kwa kigezo gani, na kama tamthilia zihesabiwe au uziruke. Kazi hii nimeifanya mara mbili. Ya kwanza niliiharibu, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo nilipoharibu. Ambaye bado hajatazama apite mbali, maana uhondo mwingi utamwagika.

Ilikuwa 2020. Mwaka ule haikutoka muvi hata moja ya ulimwengu huu wa Marvel. Black Widow ilisogezwa hadi Julai 2021 kwa ajili ya korona. Nikaona ndiyo nafasi ya kurudi mwanzo, daftari mkononi, pamoja na mdogo wangu ambaye alikuwa hajaona hata moja. Nikajifanya mjuaji. Badala ya kufuata zilivyotoka, nikazipanga kwa miaka ya hadithi yenyewe: Captain America ya kwanza mbele, maana ni ya Vita Kuu ya Pili, ikifuatwa na Captain Marvel inayotokea 1995, ndipo Iron Man. Kwenye karatasi inapendeza kweli.

Tukafika mwisho wa Iron Man. Mlioiona 2008 mnakumbuka. Majina ya waigizaji yamepita, Tony Stark, Iron Man mwenyewe, anaingia nyumbani kwake usiku, kuna mtu amesimama gizani karibu na kioo. Anasogea kwenye mwanga, jicho moja limezibwa: Nick Fury, mkuu wa shirika la kijasusi la S.H.I.E.L.D. Anamwambia asidhani yeye ndiye shujaa pekee duniani. Kipande chenyewe ni kifupi mno, na ndicho kilichofungua mlango wa kila kitu kilichofuata. Nikajiweka sawa kwenye kochi, nikamtazama dogo nione atakavyoshtuka.

Dogo akasema, "Aah, si yule mzee wa paka?"

Nikaishiwa nguvu. Alikuwa ameshaona Captain Marvel, ambamo Fury bado ana macho yote mawili, anabembeleza paka, na jicho linakuja kuharibiwa na paka huyohuyo. Utani ule wa 2019 uliandikwa kwa mtu aliyemwona Fury akitisha watu kwa miaka kumi na moja. Anayekutana na utani kwanza hawezi kumwogopa tena, na tathmini yake ya Iron Man itakosa kitu kikubwa kuliko vyote ilichokifanya. Halafu hata hiyo Captain America ya kwanza inaishia New York ya 2011, na Fury huyohuyo amesimama pale barabarani. Mpangilio wa miaka unajivunja wenyewe siku ya kwanza.

Kwa hiyo fuata zilivyotoka. Waandishi wa kila muvi walijua mtazamaji ameshaona nini, na mtathmini anatakiwa akae kwenye kiti cha mtazamaji huyo.

Sasa alama. Hapa ndipo nilipoumbuka zaidi.

Daftari la kwanza linaonyesha Iron Man 2 nimeipa 7 kati ya 10. Nilipoisoma tathmini ile mwaka uliofuata nikacheka peke yangu. Nusu yake inazungumzia Black Widow anavyoingia, na ile nyundo ya Thor inayoonekana jangwani New Mexico baada ya majina kupita. Yaani muvi ya 2010 nimeisifia kwa ajili ya muvi nyingine iliyotoka 2011. Iron Man 2 yenyewe niliipa mistari minne: Stark analiwa polepole na sumu ya kile kifaa cha kifuani, na adui mwenye mijeledi ya umeme anakuja kwa kishindo kwenye mbio za magari za Monaco, halafu anafungiwa karakanani muda mrefu hadi unamsahau. Jambo hilo la pili ni kosa kubwa la hadithi, na sikuliona kabisa kuwa ni kosa, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye nyundo.

Nikarudi kwenye kurasa nyingine, ugonjwa uleule. Nilikuwa nazipa alama ahadi. Vile vionjo vya baada ya majina ni mkopo. Mtayarishaji anakukopa msisimko leo, akulipe siku nyingine. Mara nyingine analipa vizuri sana. Thanos, adui mkubwa kuliko wote, aligeuza uso sekunde chache tu mwishoni mwa The Avengers ya 2012, na deni likaja kulipwa 2018 kwenye Infinity War, riba juu. Lakini angalia baadaye. Eternals ya 2021 ilituonyesha Harry Styles akiwa ndugu yake Thanos. Multiverse of Madness ya 2022 ikamleta Charlize Theron, anapasua anga na kumwita Doctor Strange aende naye. Mwaka huohuo Thor: Love and Thunder ikatuonyesha Hercules anatumwa na baba yake. 2025 imeisha na hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Aliyeongeza alama kwa ajili ya vipande vile bado anadai.

Ndipo nikaanza mtindo wa alama mbili ambazo huwa sizijumlishi wala kutafuta wastani wake. Ya kwanza naiita ya kusimama: kama hii ndiyo muvi pekee aliyowahi kuiona mtu, ameona hadithi iliyokamilika? Ya pili ni ya kuunga: inawafanyia nini waliotangulia? Inawaheshimu, inawasogeza mbele, au inawafuta? Vionjo vya baada ya majina havipati alama yoyote. Naviandika pembeni kwenye orodha ya madeni.

Mfano mzuri ni Wanda, mwanamke mwenye nguvu za uchawi, na mumewe Vision. WandaVision ilianza Januari 2021, sehemu tisa, na sehemu ya kwanza imetengenezwa kama vichekesho vya zamani vya televisheni ya Marekani, nyeusi na nyeupe, na watazamaji wanasikika wakicheka. Kuna chakula cha usiku, bosi wa Vision na mkewe wamealikwa. Bosi anawabana kwa maswali: mmetoka wapi, mmeoana lini, kwa nini mmekuja hapa? Wanda na Vision hawana jibu. Bosi anakabwa na chakula. Mkewe anacheka na kumwambia aache. Anarudia, aache. Anarudia tena, na sasa tabasamu limeganda, sauti inatetemeka, kicheko cha watazamaji hakisikiki tena, na kamera ambayo muda wote ilikaa mbali kama jukwaani imesogea usoni. Bosi yuko sakafuni. Wanda anamwambia Vision amsaidie. Vision anaingiza mkono, anatoa kile kilichokwama, na papo hapo kila mtu anaaga kwa furaha kana kwamba hakuna lililotokea.

Hakuna ngumi pale, wala jengo lililoanguka. Ukiandika tathmini, kipande kama hicho ndicho cha kumweleza msomaji, kamera ilikaa wapi na sauti ilikatika lini. Ukimwambia tu kwamba ni tamthilia ya kipekee yenye ubunifu hujamwambia lolote. Maneno hayo yamebandikwa kila mahali.

Mwishoni mwa tamthilia hiyo Wanda anauachia mji aliouteka, akijua kwamba kufanya hivyo ni kumpoteza mume na watoto. Kisha inakuja Multiverse of Madness. Kwenye kusimama niliipa 7: mkono wa Sam Raimi unaonekana, inatisha kweli, na ile mbio ya Wanda akichechemea kwenye handaki, damu usoni, ni ya muvi ya kutisha kamili. Kwenye kuunga niliipa 3. Mwanamke aliyejifunza kuachia kwa sehemu tisa nzima anarudi akiua watu ili awapate watoto walewale, na maelezo yote yamebebeshwa kitabu kimoja cha uchawi. Nikijumlisha nikagawa kwa mbili napata 5, na hiyo 5 haisemi ukweli wowote kuhusu muvi hii.

Kitu kingine cha kukagua ni nusu saa ya mwisho. Muvi nyingi za familia hii zinaandikwa vizuri hadi hapo, kisha zinageuka vita vya michoro ya kompyuta ambavyo ungeweza kuvihamisha kwenye muvi nyingine na hakuna ambaye angegundua. Hata Black Panther ya 2018 haikupona. Hiyo kwangu ni ya juu kabisa. Kile kipande cha jumba la makumbusho London, Killmonger anamsahihisha mtaalamu mahali shoka lilikotoka kisha anamuuliza wazee wake walilipataje, kinakupa adui mwenye hoja kabla hajaua mtu. Ilipata tuzo 3 za Oscar, na ukiangalia mavazi ya Ruth E. Carter huhitaji kuuliza sababu. Kixhosa kinachozungumzwa mle kilianzia Civil War ya 2016, pale John Kani aliyecheza mfalme T'Chaka alipopendekeza atumie lugha yake. Lakini pambano la mwisho, wale wawili kwenye reli ya chini ya mgodi, wanaonekana kama wanasesere wa mchezo wa kompyuta. Liandike hilo hata kama muvi unaipenda. Hasa kama unaipenda.

Zipo zilizokwepa mtego. Doctor Strange ya 2016 inaishia na mji unaojijenga upya badala ya kubomoka, na shujaa anashinda kwa kukubali kuuawa tena na tena hadi adui achoke. Civil War nayo, baada ya kupigana kwa makundi uwanja wa ndege, inaishia kwa watu watatu kwenye ngome ya Siberia na mkanda wa video wa 1991. Stark anatazama wazazi wake wakiuawa, anageuka, anamuuliza Captain kama alijua. Pambano linalofuata linauma kwa sababu hutaki yeyote kati yao ashinde.

Mapato usiyafanye kigezo. Endgame iliingiza takriban dola bilioni 2.79, The Marvels ya 2023 ikaambulia kama milioni 206, ya chini kuliko zote, na watu wakaipiga mawe bila kuitazama. Ina kasoro, adui wake nimeshamsahau jina. Ila ile patashika ya mwanzo, wanawake watatu wanabadilishana nafasi kila wakitumia nguvu zao, mmoja anatua sebuleni kwa wazazi wa mwingine katikati ya kipigo, ni ya kuchekesha na imepangwa vizuri. Tatizo lake lingine ni la kuunga: wawili kati ya hao watatu ulitakiwa uwe umeshawajua kwenye WandaVision na Ms. Marvel. Aliyekata tiketi bila kuona tamthilia hizo aliingia hadithi ikiwa katikati.

Na hilo linajibu swali lako la tatu. Tamthilia zihesabu, ila si zote kwa uzito mmoja. Loki lazima. Secret Invasion niliimaliza kwa sababu nilishaianza.

Agents of S.H.I.E.L.D. ndiyo ngumu, misimu 7, sehemu 136, kuanzia 2013 hadi 2020. Usitathmini sehemu mojamoja, utazeeka. Msimu wa kwanza unakokota miguu kwa sehemu kumi na sita, na sababu iko nje yake: ilikuwa inasubiri muvi ya Captain America, Winter Soldier, itoke Aprili 2014, ambamo shirika lenyewe la S.H.I.E.L.D. linaanguka. Muvi ilipotoka, sehemu ya 17 ikaachia bomu kwamba Ward, mwenzao waliyekula naye na kulala naye safarini, ni wa Hydra, kundi la maadui lililojipenyeza ndani ya shirika. Kwa hiyo simamisha tamthilia kwenye sehemu ya 16, tazama Winter Soldier, kisha rudi. Ukichanganya hapo utaharibu vyote viwili. Msimu wa nne gawa mara tatu, maana ni hadithi tatu ndani ya msimu mmoja, na ile ya mwisho, ya dunia ya kubuni ambamo Hydra ndiyo inatawala, naiweka juu ya muvi kadhaa. Cha kusikitisha ni kwamba barabara ilikuwa ya upande mmoja. Tamthilia ilizifuata muvi kila hatua, lakini Coulson, jasusi aliyeuawa kwenye The Avengers akafufuka humo, kundi la Avengers kwenye muvi halikuwahi kujua kama yu hai.

Zile za Netflix umeuliza kama ni za familia au watoto wa nje. Kwa miaka kadhaa hata mimi niliziweka daftari la pembeni. Kisha Desemba 2021 Vincent D'Onofrio, adui wa Daredevil, akatokea kwenye tamthilia ya Hawkeye na Charlie Cox, Daredevil mwenyewe, akatokea kwenye muvi ya Spider-Man, No Way Home, mwezi mmoja, na 2025 ikaja Daredevil: Born Again. Nikazihamishia daftari kuu. Iron Fist unaweza kuipitia ukiwa unanyoosha nguo. Daredevil ya 2015 ipe nafasi, na kama huna muda wa kutosha anza tu kwa kufika sehemu ya pili, lile pambano la kwenye korido. Limepigwa lionekane kama kamera haikukatwa hata mara moja. Matt, ndiye Daredevil, ameshaumia kabla hajaingia, anapiga, anaegemea ukuta apumue, waliodondoka wanainuka tena, naye anawarudia akipepesuka. Anamfuata mtoto aliyetekwa chumba cha mwisho. Wanapotoka pamoja hakuna muziki wa ushindi, na wewe ndipo unapogundua ulikuwa umebana pumzi.