Kuachana bila kuvutana kortini

Dada yangu wa Jinja, umeuliza kama wewe na mumeo mnaweza kuachana bila vita vya kesi, mkiwa na watoto watatu na nyumba moja. Pole sana. Njia ipo, talaka ya maelewano, aliyoianzisha wakili Stu Webb wa Minneapolis, Marekani, mwaka 1990. Kila mmoja anakuja na wakili wake, mnakaa meza moja, na mnatia saini kwamba mkishindwana, mawakili hao wanajitoa, hawatawasimamia kortini. Mimi naipendea hapo: hakuna wakili atakayenufaika ugomvi ukirefuka.

Ila ndoa ya kanisani au ya serikali hapa Uganda huvunjwa na mahakama tu, kwa hiyo makubaliano yenu bado yatafika kwa hakimu. Na tafadhali, msitunge sababu ya uongo ili mambo yaende haraka. Sheria ya talaka inakataza njama, ombi litatupwa. Andikeni wazi nani analipa ada za shule na hati ya nyumba itabaki kwa jina la nani.

Kama anakupiga au anaficha mali, usikae meza hiyo kabisa. Nenda FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia wanawake wasio na uwezo.